Umeme Wetu Ulipangiwa Nani?

Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, ndipo barabara ya Matombo, Mvuha na Kisaki inapouacha mji wa Morogoro kuelekea upande wa bonde la Rufiji. Kila nipitapo hapo, hukumbuka kwamba njia hii inaunganisha historia mbili ambazo vitabu vyetu huzitenganisha: historia ya matuta na historia ya umeme.

Mwaka 1955 wakulima wa Matombo waliikataa amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao. Mabwana shamba hawakukosea kuhusu ugonjwa. Udongo wa milimani ulikuwa ukimomonyoka. Walikosea kuhusu mgonjwa. Mpango uliandikwa pasipo mkulima, kisha kazi yote ikawa ya mkulima.

Umeme nao ulianza kwa kuwahesabu wachache. Wajerumani waliuleta Dar es Salaam mwaka 1908 kwa ajili ya karakana za reli na makazi yao. Mwaka 1931 Waingereza waliukabidhi kwa makampuni binafsi, na moja kati ya hayo, TANESCO, lilijenga kituo katika mto Pangani, karibu na mashamba ya mkonge. Nyaya zilifuata mkonge na miji. Serikali huru ilipoyatwaa makampuni hayo mwaka 1964, ilirithi pia ramani yao.

Ramani hiyo ilipanuliwa kwa maji. Kidatu, katika mkoa wetu huu wa Morogoro, ilianza kuzalisha mwaka 1975 na baadaye kufikia megawati 204. Juu yake likajengwa bwawa la Mtera, la kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya kiangazi. Kwa karatasi, hesabu ilitimia. Kasoro yake ni kwamba taifa zima liliegemea mvua za nyanda chache.

Ukame wa miaka ya 1990 ukaifichua kasoro hiyo, na mgawo wa umeme ukaingia majumbani na viwandani. Kidole kilinyoshwa kwa wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu, ingawa watafiti kadhaa walionesha kwamba namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilichangia kuyakausha. Kwa mara nyingine, mtu asiyekuwemo katika mpango alikuwa wa kwanza kulaumiwa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi wakaondolewa Usangu pamoja na mifugo yao.

Dharura nayo ina gharama yake. Mwaka 1995 ulitiwa saini mkataba wa IPTL wa megawati 100 za mafuta, ambao ulizua mashauri na malumbano kwa miaka mingi. Ukame wa mwaka 2006 ukaleta mkataba wa Richmond, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Tunapenda kuyasimulia haya kama mambo ya ufisadi, nayo ni hivyo. Lakini mlango ulifunguliwa na mipango duni: anayenunua gizani hachagui bei.

Leo bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024 na wa tisa mwaka 2025. Ni kazi kubwa, nami sioni haya kuisifu. Hata hivyo, maji ya Rufiji hutoka kwa sehemu katika Ruaha uleule, na megawati hazifiki jikoni kwa miguu; zinahitaji njia za kusafirisha, transfoma na gharama ambayo mwananchi anaimudu. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilikiri kwamba kijiji hakiwezi kungoja faida ya soko.

Basi enyi mnaoandaa mipango maofisini, na ninyi vijana mtakaoirithi, uliza kwanza hesabu ilianza na nani. Wekeni hadharani makadirio ya mvua, ya mahitaji na ya gharama kabla ya mikataba kutiwa saini, na mketi na watu wa vyanzo vya maji kabla ya kuwapelekea askari. Matombo ilikwisha kutufundisha somo hili, miaka sita kabla ya Uhuru.