Amir Jamal, Mzaliwa wa Mwanza

Katika zama za ukoloni, msafiri aliyeingia Mwanza kwa njia ya ziwa aliona kwanza majabali, kisha maduka ya Wahindi. Pamba ya Usukuma ililimwa na Waafrika, lakini mizani na vinu vya kuchambulia vilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Waasia, na manung'uniko juu ya mizani hiyo yalikuwa makubwa. Ndipo wakulima walipoanzisha vyama vya ushirika, na katika mwaka wa 1955 Paul Bomani na wenzake wakaviunganisha kuwa Shirikisho la Victoria.

Ni katika mji huo alimozaliwa Amir Habib Jamal, mwaka wa 1922, kwa wazazi wa Kihindi. Alisoma Calcutta wakati Wahindi walipokuwa wakimtaka Mwingereza aondoke. Akarejea Tanganyika na fikra hizo, akawa rafiki wa Julius Nyerere. Mwaka wa 1958 aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa ule utaratibu wa kura tatu, uliomlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU iliugeuza mtego huo kwa kuwaunga mkono Waasia na Wazungu walioafikiana nayo. Ajabu ni kuwa Jamal, aliyekuwa waziri tangu 1959, hakuweza kupewa kadi ya chama: hiyo ilikuwa ya Waafrika tu mpaka mwanzoni mwa 1963. Wala si Mwanza iliyompeleka Bungeni miaka yote hiyo, bali Morogoro.

Mwaka wa 1965 alipokea Wizara ya Fedha kutoka kwa Bomani yule yule. Hazina ilitoka kwa kiongozi wa wakulima wa pamba ikaingia kwa Mwasia wa Mwanza, wala mizani haikurudi dukani. Mabenki yalipotaifishwa Februari 1967, Waziri alikuwa yeye. Aprili 1971 ilikuja sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha, iliyowaangukia Waasia zaidi ya wote. Wengi walihama, baadhi yao wakaenda Kanada. Jamal alibaki katika Serikali. Ni rahisi kumwita msaliti wa watu wake, lakini hukumu hiyo yasahau kwamba yeye tangu awali alikataa kuhesabiwa kwa kabila.

Alifariki mwaka wa 1995 huko Vancouver, katika Kanada hiyo hiyo.