Smethwick: jimbo lililomleta Malcolm X

Februari 2025 ilitimia miaka 60 tangu Malcolm X, mpigania haki za Wamarekani weusi, alipopita kwa miguu katika Mtaa wa Marshall, Smethwick, mji wa viwanda ulio ubavuni mwa Birmingham. Miezi minne kabla yake alikuwa Dar es Salaam, akizungumza na Mwalimu Nyerere. Kilichompeleka Smethwick ni sumu iliyoachwa na kura za ubunge.

Jimbo lilizaliwa 1918, na mwaka huohuo Christabel Pankhurst, mpigania kura ya wanawake, akalikosa kwa kura 775. Oswald Mosley alilishika kwa tiketi ya Labour kuanzia 1926 hadi 1931, kabla ya kwenda kuanzisha chama cha mafashisti. Toka 1945 likawa la Patrick Gordon Walker, naye wa Labour.

Ikafika Oktoba 1964. Viwanda vya kusubu vyuma vilikuwa vimevuta Wapunjabi na watu wa Karibi, nyumba hazitoshi, na mgombea wa Conservative, Peter Griffiths, mwalimu mkuu, akayageuza hayo mtaji. Ilizagaa kaulimbiu yenye tusi, kwamba anayetaka jirani mweusi aichague Labour. Griffiths alikataa kuilaani. Nchi nzima ilielemea Labour. Smethwick ikaenda kinyume, Gordon Walker akaanguka kwa kura 1,774. Bungeni, Waziri Mkuu Harold Wilson akamfananisha Griffiths na mkoma.

Haikuishia hapo. Wakazi weupe wa Mtaa wa Marshall walitaka baraza la mji linunue nyumba zinazouzwa, wapangishwe weupe peke yao. Baraza likakubali, serikali ikagoma kuidhinisha mkopo. Ndipo Chama cha Wafanyakazi wa Kihindi kikamwalika Malcolm. Siku tisa baada ya ziara hiyo aliuawa New York.

Waingereza humsimulia Gordon Walker kama aliyeonewa. Sawa. Lakini Botswana wanalo la kuongeza: mwaka 1950, akiwa waziri, ndiye aliyempiga marufuku Seretse Khama, baadaye rais wao wa kwanza, kurudi kwao, kosa lake kuoa mwanamke wa Kizungu. Sisemi alistahili yaliyomkuta. Machozi yangu tu ndiyo machache.

Mwigizaji Andrew Faulds aliirudishia Labour kiti 1966, na 1974 jimbo likafutwa. Ramani mpya ya 2024 imelifufua jina. Mbunge wake ni Gurinder Singh Josan, Singasinga mwenye kilemba chake, wa Labour.