Somo la Historia: Meli Iliyozamishwa Manza

Fungueni ramani ya Tanzania. Wekeni kidole juu ya Tanga, kisha kipandisheni kidogo kufuata pwani, kuelekea mpaka wa Kenya. Hapo pana ghuba iitwayo Manza. Leo tunasoma habari za meli ya mizigo iliyozamishwa humo tarehe 14 Aprili 1915.

Wakati ule Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na miezi minane. Tanganyika ilikuwa chini ya Wadachi, na Kenya na Unguja chini ya Waingereza. Wadachi walikuwa na manowari moja kubwa katika pwani hii, jina lake Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia na kuizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, pale Unguja. Kisha ikajificha katika midomo ya mto Rufiji, na manowari za Waingereza zikaifungia njia. Makaa yake ya mawe yakapungua. Na manowari isiyo na makaa ni kama jahazi lisilo na tanga.

Majeshi ya nchi kavu nayo yalikuwa na shida. Askari wengi Waafrika wa Wadachi walishika bunduki za zamani, za namna ya mwaka 1871. Kila zilipopigwa zilitoa moshi mwingi, na adui akajua mara moja pa kulenga.

Basi huko Ujerumani wakubwa wa vita wakafanya shauri. Walikuwa na meli ya mizigo ya Waingereza, Rubens, waliyoikamata bandarini Hamburg vita vilipoanza. Wakaipa jina jingine, Kronborg, wakaipandishia bendera ya Denmark, nchi isiyopigana. Wakachagua mabaharia wanaojua Kidenmark. Nahodha alikuwa Carl Christiansen. Juu zilipakiwa mbao. Chini yalifichwa makaa, bunduki, risasi na makombora. Februari 1915 meli ikang'oa nanga. Ikapita kaskazini ya Uingereza, ikashuka Bahari ya Atlantiki, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikaingia Bahari ya Hindi.

Lakini Waingereza walikuwa wamenasa habari za simu ya upepo. Manowari yao Hyacinth ikaifukuza karibu na Tanga. Kwa bahati mtambo mmoja wa manowari hiyo ukaharibika, na Rubens ikawahi kuingia Manza. Hyacinth ikaifuata, ikaipiga kwa mizinga. Hapo Christiansen akafanya hila. Akafungua milango ya maji iliyo chini ya meli, nayo ikakaa juu ya mchanga, mahali pasipo na kina kirefu. Mbao za juu zikawashwa moto. Waingereza walipoona moto ule walidhani shehena yote imeteketea, wakaenda zao.

Makaa hayakufika Rufiji, na Königsberg ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Lakini maji yaliyoizamisha Rubens ndiyo yaliyoikinga shehena na moto. Wazamiaji wakashuka, wakatoa bunduki na risasi. Risasi zilizolowa zilifunguliwa moja moja, baruti ikakaushwa, kisha zikafungwa tena.

Sasa jiulizeni: shehena ile ilifikaje vitani? Reli ya Tanga kwenda Moshi ilikuwapo, lakini reli haikufika kila mahali pa vita. Punda na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Basi mzigo ulikwenda kichwani mwa mtu, ratili 50 au 60, yaani kama kilo 25, siku baada ya siku. Hata Machi 1916, meli ya pili, Marie, ilipofika Sudi karibu na Lindi, shehena yake ilikuwa imekwisha kugawanywa huko Ulaya kuwa mizigo ya wapagazi.

Bila ya meli hizo mbili ingekuwa vigumu sana kwa Wadachi kuendelea na vita muda mrefu. Waliendelea hata tarehe 25 Novemba 1918, walipoweka silaha chini huko Abercorn, sasa Mbala, nchini Zambia. Ulaya vita vilikuwa vimekwisha wiki mbili kabla.

Waingereza nao walichukua wapagazi, wengi kwa nguvu. Inakadiriwa kwamba upande wao tu walikufa watu wapatao 95,000. Wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, homa na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa kikosi hicho cha wapagazi.

Tazameni basi. Jina la nahodha mnalijua, na majina ya meli mnayajua, kwa sababu yaliandikwa. Wapagazi walio wengi majina yao hayakuandikwa popote. Nanyi sasa mnajua kuandika. Kama nyumbani kwenu yamebaki masimulizi ya mzee aliyechukuliwa kubeba mizigo, ulizeni jina lake, kijiji chake, na kama alirudi. Andikeni, mje nayo darasani.

Maswali

1. Kwa nini Rubens ilipandishiwa bendera ya Denmark?
2. Christiansen aliiokoaje shehena kwa kuizamisha meli?
3. Kwa nini mizigo ilibebwa na watu?