Mfereji Uliohamisha Mto

Leo nawaomba tusafiri pamoja mpaka Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Msafiri atokaye Garsen huvuka daraja la Tana, hushika njia ya Lamu mpaka Witu, kisha hukata kuelekea pwani. Wengi wafikao huko hutaka kwanza kuonyeshwa magofu ya Ungwana, nao hawakosei, maana ni magofu ya kustaajabisha. Kuta za matumbawe na chokaa zimesimama vichakani, mizizi ya miti imeshika mawe. Iko misikiti miwili ya Ijumaa iliyojengwa ubavu kwa ubavu, na yako makaburi makubwa ya watu waliokuwa na cheo.

Mji huo ulianza yapata karne ya 10. Bwana James Kirkman, yule aliyefukua Gedi, alifanya kazi Ungwana pia, na mwaka 1966 akatoa kitabu juu yake. Katika ardhi ilionekana mikufu ya shanga, na vyombo vya kauri vilivyotoka Uchina na nchi za Waislamu. Basi wageni husikia habari ya kauri ya Uchina, wakarudi nyumbani wakidhani mji huu ulilishwa na bahari tu.

Mimi hupenda zaidi habari ya vyungu. Baadaye Dakta George Abungu, Mkenya, alichunguza vijiji vya ukingoni mwa Tana pamoja na miji ya pwani, akaonyesha jinsi watu wa mto na watu wa mawe walivyoshirikiana kwa karne nyingi. Vigae vya vyungu vya udongo, vilivyochorwa pembe tatu shingoni, vimepatikana katika miji ya kale kutoka Lamu mpaka Tanzania, na wataalamu wengine wameviita kwa jina la mto wetu, vyungu vya Tana. Chungu cha kupikia kimepewa jina la mto, si kauri ya mfalme! Pembe za ndovu na nafaka zilishuka kwa mtumbwi, na nguo na shanga zikapanda. Bila mto, fundi wa Ungwana asingekuwa na sababu ya kuchoma chokaa mahali hapo.

Mwishoni mwa 1506 au mwanzoni mwa 1507, Wareno wa Tristão da Cunha waliupiga mji ulioitwa Hoja, ambao wataalamu wengi husema ndio Ungwana. Hoja ilikuwa na uadui na Malindi, na Malindi ilikuwa rafiki ya Wareno. Shehe wa mji aliuawa. Lakini mji haukufa siku ile. Watu waliendelea kukaa humo mpaka karne ya 17, ndipo wakahama. Leo jina lake limebaki kwenye ghuba nzima: Ghuba ya Ungwana, ambayo ramani za wageni ziliita Formosa.

Sasa, ndugu zangu, nawaomba mgeuze uso, muache magofu nyuma yenu, mtazame maji. Maana katika Kipini kazi kubwa kuliko zote za mikono ya watu si msikiti wala kaburi. Ni mlango wa mto wenyewe.

Zamani Tana haikuingia baharini hapo. Mlango wake ulikuwa upande wa kusini-magharibi, mbali na Kipini, tena ulikuwa mbaya kwa vyombo, kwa sababu ya mafungu ya mchanga na mawimbi yanayovunjikia mlangoni. Maji ya Kipini yalikuwa ya mto mwingine mdogo, Ozi, wenye mlango mtulivu, na bandari yake ya ndani ilikuwa Kau. Mfanyabiashara aliyeshuka Tana na mpunga au pembe alipaswa kufika Chara, kisha avuke nchi kavu mpaka Ozi. Ndipo katika karne ya 19, kwa amri ya Sultani wa Witu, ukachimbwa mfereji kuunganisha mito hiyo miwili. Uliitwa Belazoni. Ulikuwa mfereji mwembamba, wa kupitisha mitumbwi.

Lakini maji hayasomi amri ya sultani. Mto ulikuta njia fupi, yenye mteremko mzuri, ukaingia. Kila mafuriko yalikula kingo, mfereji ukapanuka, ukaingia kina, na kufikia mwisho wa karne ile Tana ilikuwa imehamia humo. Mto mrefu kuliko yote katika Kenya, wa kilomita 1,000 hivi, ulitoka katika njia yake ya asili kwa sababu ya kichinjio kilichochimbwa kwa ajili ya mitumbwi. Mkondo wa zamani ukabaki na maji machache, isipokuwa wakati wa mafuriko. Kipini wakapata mto. Wale wa kule wakaachiwa chumvi ya bahari.

Mnakumbuka habari ya Isaka katika Gerari, jinsi wachungaji walivyogombania visima alivyochimba, kimoja kikaitwa Eseki na kingine Sitna, kwa sababu ya magomvi yale. Anayechimba hafahamu daima amemchimbia nani, wala amemnyima nani.

Hata baadaye watu waliendelea kuugeuza mto, safari hii huko juu. Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Bwawa la Ndakaini, juu ya mto Thika unaoingia Tana, lilimalizika mwaka 1994 ili Nairobi inywe maji. Sisemi umeme na maji ni dhambi. Hata redio hii hutumia umeme. Nasema tu kwamba anayewasha taa Nairobi ameshika mkono wake katika mto wa mkulima wa Ozi.

Na mkulima huyo ana ufundi ambao ningependa wageni waonyeshwe kabla ya magofu. Maji ya bahari yanapojaa, hasa wakati wa bamvua, husukuma maji baridi ya mto yarudi nyuma na kupanda juu ya mashamba ya mpunga. Mpokomo hunywesha shamba lake kwa nguvu ya bahari bila kuruhusu chumvi yake. Hesabu hiyo yataka mto uwe na nguvu ya kutosha. Mto ukipungua, bahari hupanda yenyewe. Miaka hii ya karibuni wakulima wa Ozi wameona mpunga na miembe ikikaushwa na chumvi.

Hayo si ya mkulima peke yake. Waorma na ng'ombe wao huhitaji njia za kushukia mtoni, ziitwazo malka, na kiangazi kikikaza njia hizo hupita katikati ya mashamba. Kuanzia Agosti 2012 mpaka mwanzoni mwa 2013, watu zaidi ya 100, wake kwa waume na watoto, waliuawa katika Delta ya Tana katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Siasa ilikuwamo, na silaha zilikuwamo, lakini chini ya yote palikuwa na ardhi na maji. Septemba mwaka ule ule wa 2012, hekta 163,600 za delta hiyo ziliandikwa katika orodha ya dunia ya Ramsar, ya mabwawa na ardhi oevu zenye thamani. Mwezi mmoja dunia inaandika jina la mahali kwa heshima, na mahali penyewe watu wanazika.

Ukienda Kipini, tazama Ungwana kwa muda wako. Kisha mtafute mzee wa Ozi, umwulize maji ya bamvua iliyopita yalifika wapi shambani, na yalikuwa baridi au ya chumvi. Yeye atakujibu kwa kukuonyesha mti.