Suruali Iliyokatwa Magotini

Mteja wangu aliingia na kofia mkononi, ya manyoya ya rakuni, mkia unaning'inia kisogoni. Ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa hapahapa Colorado, na alitaka nimshonee vazi kamili la wale wawindaji walioingia Milima ya Rocky kabla ya reli na kabla ya miji. Mimi nilifundishwa kanzu na baba mdogo huko Tanga. Ngozi sikuwahi kuitia mkasi. Nikamwomba miezi 3, na mwezi wa kwanza wote nilikuwa nasoma tu.

Jambo la kwanza nililomwambia lilikuwa zito kwangu kulisema, maana kofia ile aliipenda. "Mwalimu, hii tuiweke kando." Kofia ya mkia ilivuma miaka ya 1950 kwa filamu za Disney za Davy Crockett, na Crockett alikuwa mtu wa Tennessee, misitu ya mashariki. Osborne Russell, aliyewinda katika Milima ya Rocky kuanzia 1834 hadi 1843 na kuandika alichokiona, anataja kofia za sufu, za ngozi ya nyati na za fisi maji. Basi tukachagua sufu.

Kilichowapeleka wawindaji kule ni kofia pia, ila za watu wengine. Biva, mnyama wa mitoni anayeangusha miti kwa meno, ana manyoya laini chini ya yale marefu, na manyoya hayo yakishindiliwa hutoa kitambaa kigumu kinachoshika umbo. Mabwana wa London na Paris walivaa kofia ndefu za namna hiyo. Mwaka 1822 William Ashley alitangaza gazetini, mjini St. Louis, kwamba anataka vijana 100 wa kupanda Mto Missouri. Tangu 1825 wawindaji wakawa na gulio lao la kiangazi, mara nyingi kandokando ya Green River, ambako ngozi za biva zilibadilishwa kwa baruti, kahawa, blanketi na pombe. Hariri ilipoingia katika kofia, na biva wenyewe kuadimika, biashara ikafa. Gulio la mwisho lilikuwa 1840.

Sasa suruali, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Mtego wa chuma hutegwa ndani ya maji, karibu na ukingo, na mtegaji huingia mtoni ili asiache harufu yake nchi kavu. Maji yale ni ya theluji iliyoyeyuka. Ngozi ya ayala ikilowa huvutika na kuning'inia. Ikikauka mwilini hunywea na kubana mguu. Ndiyo maana Russell anaeleza suruali ya ngozi ambayo miguu yake imefunikwa kwa blanketi au kwa ngozi ya nyati iliyofukizwa. Nilikata suruali ya mwalimu chini ya goti, nikaunga blanketi ya sufu. Aliponiona nashika mkasi alishtuka, akidhani naharibu kazi.

Kufukiza nakujua tangu utotoni, nguo juu ya chetezo, moshi wa udi. Kule walifukiza ngozi kwa moshi wa kuni. Kwanza ilikwanguliwa, ikapakwa ubongo wa mnyama, ikavutwa na kuvutwa mpaka ikalainika; kisha ikatundikwa juu ya moshi. Ngozi iliyoingia moshi hulowa na kukauka bila kuwa ngumu kama ubao. Iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa sehemu ya juu ya hema kuukuu la ngozi, pale moshi wa jiko ulipopita miaka na miaka. Kipande hicho kilitoa viatu.

Nani aliyajua hayo yote? Vitabu vingi vinamchora mwindaji peke yake, na bunduki, juu ya mwamba. Mimi ni fundi, naangalia mshono. Matundu ya msharasi yaliyopangwa sawasawa, uzi wa kano, matamvua yaliyochanwa kwa mkono usiotetemeka: hiyo si kazi ya kijana aliyeacha shamba Missouri juzi. Ni kazi ya wanawake wa makabila ya wenyeji: Washoshone, Wakrou, Waflathead. Jim Bridger, mwindaji anayetajwa sana, alioa mara 3, na wake zake walikuwa Mflathead, Mute na Mshoshone. Jim Beckwourth, aliyezaliwa Virginia na mama mtumwa, aliishi miaka mingi na Wakrou na kuoa kwao. Alfred Jacob Miller alipolichora gulio la 1837 aliwachora na wanawake hao. Majina yao mengi hayakuandikwa popote, na jambo hilo linaniudhi, kwa sababu kila mguu mzima uliotoka mtoni ulitoka ndani ya kiatu walichoshona wao.

Shati nilishona kwa pamba nyeupe nzito, jamii ya merikani. Miaka hiyohiyo ya 1830 meli za Salem, Marekani, zilikuwa zikiishusha merikani Unguja. Na shanga? Shanga nyekundu zenye moyo mweupe zilitoka Venice, zikapanda milima hii migongoni mwa nyumbu. Dada zake zikaingia bara kwetu vichwani mwa wapagazi. Pwani waliziita samesame, na jina lake jingine ni kimarapamba, kimaliza chakula, kwa kuwa mtu aliziona akatoa hata riziki yake ya siku.

Nilizitunga 40 kwenye mfuko wa risasi. Mwalimu alipokuja kupima aliupitisha mfuko vidoleni, taratibu, kisha akaniomba nilirudie lile jina. Akalisema mara tatu, la tatu likakaa sawa.