Kabla ya Utani (Sehemu ya Kwanza)

Msiba Zambia. Mbemba kafiwa, watu wameinama. Mara anaingia Mngoni, anawatazama wafiwa mmoja mmoja, kisha anauliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: mbona mnalia hivyo, kwani nyani wamekwisha porini?

Unadhani atapigwa? Thubutu!

Wafiwa wanacheka machozi hayajakauka, na mmoja anamjibu kwa kumuulizia hali ya panya wa kwao, kama bado wanaliwa na ugali.

Ni watani hao. Mbemba kwa Mngoni ni mla nyani, Mngoni kwa Mbemba ni mla panya, na hakuna anayenuna. Ila wewe na mimi tunajua utani wa makabila mara nyingi ulianzia wapi. Haukuanzia kwenye harusi.

Hawa wawili walichinjana kwanza. Tena si siku moja wala mwaka mmoja. Vuta kiti.

Wangoni walitoka mbali. Mkuu wao Zwangendaba aliwatoa kusini kabisa, kwenye vita vilivyomwinua Shaka Zulu, akawavusha mto Zambezi Novemba 1835. Masimulizi yanasema siku hiyo jua lilipatwa, mchana ukaingia giza. (Ndiyo maana tarehe yenyewe inajulikana, wataalamu walilifuata jua.) Wewe ungevuka? Mimi ningerudi nyumbani. Zwangendaba akavuka.

Wakapanda kaskazini hadi Ufipa, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka walikoanzia. Na katika safari hiyo walikuwa na mchezo mmoja mbaya sana.

Mateka hawakummaliza. Walimfanya Mngoni.

Leo unatekwa, unalia. Baada ya muda unakabidhiwa ngao ya ngozi ya ng'ombe na mkuki mfupi, ule wa kuchomea mtu mkiwa uso kwa uso. Unaingizwa kwenye kikosi cha vijana wa rika lako. Kisha unatumwa ukateke wengine. Majeshi hupungua yanapopigana. Hili lilikuwa linanenepa.

Halafu, mwaka 1848 hivi, pale Mapupo, Ufipa, Zwangendaba akafa.

Unaijua nyumba ikifiwa na baba bila kukubaliana nani arithi? Wakagawanyika. Kundi moja likaenda kusini-mashariki, wengine wao wakaishia Songea. (Msomaji wa Songea, usijifanye hayakuhusu.) Wengine wakaingia Unyamwezi, wakaitwa Watuta. Mombera na watu wake wakaishia nchi inayoitwa Malawi leo.

Wakabaki wana wawili wa marehemu, Mpezeni na Mperembe. Hao wakageuza uso kuelekea kusini-magharibi, bondeni kwa mto Chambeshi.

Ubemba.

Sasa, Wabemba nao hawakuwa watu wa kuonea. Walitawaliwa na Bena Ng'andu, ukoo wa Mamba, na mfalme wao aliitwa Chitimukulu, jina la cheo linalorithiwa mpaka leo. Ufalme kwao haukwenda kwa mtoto. Ulipitia upande wa mama, ndugu kwa ndugu, kisha mpwa. Ardhi yao ilikuwa ya kukata matawi na kuyachoma ili ulezi uote, na mbung'o hawakumpa ng'ombe nafasi. Mbemba aliyetaka zaidi ya ulezi alikwenda kuchukua kwa jirani.

Kwa hiyo mnyang'anyi akakutana na mnyang'anyi mwenzake.

Wangoni wakapiga, wakateka, wakapita. Mpezeni mwenyewe baadaye akashuka kusini kutafuta nchi ya kulishia ng'ombe, na uzao wake uko Chipata hadi leo. Wabemba wangeweza kushusha pumzi.

Tatizo ni kwamba Mperembe alibaki.

Na kabaki wakati gani? Wakati mbaya kuliko yote! Mfalme Chileshye alifariki mnamo 1860, kiti kikaenda kwa Bwembya, na Bwembya hakuwa mtu wa vita. Hebu jiweke kwenye viatu vya wazee wa Ubemba. Mngoni yuko mlangoni, halafu mkubwa wenu hana nguvu za kuongoza. Mnafanya nini?

Wao hawakufanya kitu. Alifanya mpwa.

Kijana anaitwa Chitapankwa. Likumbuke jina hilo. Alimwondoa mjomba wake kitini, akakaa yeye. Ukinong'onezwa kwamba ni mnyang'anyi wa ufalme, usibishe. Ila mimi nasema hivi: pasipo yule mpwa mwenye tamaa, simulizi hii ingekwisha wiki hii hii, na mla nyani asingebaki wa kutaniwa.

Unataka kumwona kwa karibu? Shahidi tunaye.

Mwisho wa Januari 1867 aliingia kijijini kwake Mzungu mmoja, kadhoofika, sanduku lake la dawa limeibwa njiani. David Livingstone. Na kituko ni kwamba huko Unguja Livingstone alikuwa ameshatangazwa marehemu! Wapagazi wake kutoka Nzuani walimkimbia, wakafika pwani wakasema ameuawa. Na nani? Na Mazitu, ndilo jina Wangoni waliloitwa ukanda ule. Uongo mtupu, lakini watu wakaamini. Kwa sifa waliyokuwa nayo Wangoni, nani angeuliza ushahidi?

Basi marehemu akaandika alichokiona. Kijiji cha Chitapankwa kilizungushiwa maboma matatu ya magogo, moja ndani ya jingine. La ndani lilikuwa na handaki pana lenye kina, na juu yake ua wa miiba. Wewe uliyejenga ukuta mmoja na chupa juu ukajiona uko salama, soma tena sentensi hiyo. Mtu hachimbi vile kwa kuogopa fisi.

Mfalme mwenyewe alikuwa na uso mpana wa ucheshi, miguu imejaa mapete ya shaba. Akamketisha mgeni juu ya pembe la ndovu. Akamwonyesha ng'ombe: huyo wako. Mgeni alipoondoka, pembe likapelekwa nyuma yake. Umelikalia, ni lako.

Ukarimu? Subiri. Kesho yake ikaanza hesabu ya nguo za kulipia ng'ombe, na Mzungu akakwama pale karibu wiki tatu.

Lakini usitazame ng'ombe. Tazama lile pembe. Kuna watu wengine waliokuwa kijijini siku hizo hizo, wafanyabiashara waliotokea Bagamoyo, na hao ndio waliobeba barua za Livingstone kuelekea pwani. Wao walitaka pembe na watumwa. Chitapankwa alikuwa na pembe mpaka za kukalia. Na wao walikuwa na kitu ambacho ngao ya ngozi ya ng'ombe haikutengenezwa kukizuia.

Bunduki.

Mwaka 1870 hivi Chitapankwa akatuma wito kwa wakuu wenzake wa ukoo wa Mamba, Mwamba akiwa mmojawapo, watu ambao kwa kawaida walitazamana kwa jicho la pembeni. Safari hii wakaitika. Upande wa pili Mperembe hakuhama. Mtoto wa Zwangendaba ahame, amkimbie nani?

Mahali penyewe panaitwa Chipekeni. Mmoja wa hawa wawili ataondoka hapo akielekea mashariki na hatarudi Ubemba tena. Wapiganaji wamekaribia kiasi cha kuonana nyuso, mkuki mfupi upande huu, na upande ule...

Itaendelea wiki ijayo.