Komuni

komuni nm [i-/zi-] Ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa nchini Ufaransa, yenye mipaka, meya na baraza lake. Komuni zilianzishwa kisheria mwaka 1789. Leo zinakaribia 35,000, na nyingi ni ndogo, za mashambani.

Matumizi: Neno hili lisifasiriwe daima kuwa kijiji. Kijiji ni makazi ya watu. Komuni ni mamlaka. Tofauti hiyo hudhihirika katika Fleury-devant-Douaumont, karibu na mji wa Verdun. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza palikuwa na kijiji cha wakulima, chenye wakazi 400 na ushei. Mwaka 1916 mizinga ilikisaga chote, huku majeshi ya Ufaransa na Ujerumani yakipokonyana magofu yake mara kwa mara. Ardhi ilibaki imejaa mabomu yasiyolipuka, hivyo kijiji hakikujengwa tena, ilipandwa miti. Hata hivyo, komuni haikufutwa, ili kumbukumbu isipotee. Haina mkazi hata mmoja, lakini ina mtu mwenye mamlaka ya meya, ambaye huteuliwa na serikali kwa kuwa hakuna wapigakura.

Mfano: Kijiji kiliangamia, komuni ikabaki. Mfasiri akiandika kijiji katika nafasi zote mbili, sentensi hujipinga.

Tanbihi: Katika Kiswahili cha Burundi na Kongo husikika pia komine. Tofautisha na komunyo, sakramenti ya Kikristo.